Swali la Mzee Zakariya

Jumatatu asubuhi Khairiya alimtangazia mumewe vita. Hakulitumia neno hilo, maana katika nyumba ile neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Alisema tu, huku akimmiminia chai, kwamba Fadhiya anakuja Jumamosi, na chumba cha juu kinatakiwa kiwe kitupu, kimefagiliwa, kimefukizwa udi na kina kitanda.

Zein akaacha kutafuna. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mbovu, mwenye kiduka cha mlango mmoja hapo Mji wa Kale, na katika mambo ya kawaida alikuwa mtu mpole asiyejua kukataa. Lakini chumba cha juu hakikuwa jambo la kawaida.

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Ni mimba ya kwanza, Baba Fadhiya. Mwana hazalii Ganjoni, kwenye fleti ya ghorofa ya nne, na mamake yu hai. Atakuja hapa, azae, akae arobaini yake, ndipo arudi kwa Ishaq. Mimi nilizaliwa hivyo na yeye alizaliwa hivyo. Wataka watu waseme nini?"

Zein hakutaka watu waseme kitu. Alitaka kujua Wareno wataenda wapi.

Kwani chumba chenyewe kilikuwa kimejaa Ngome ya Mombasa, ile ile inayoonekana ukitoka Ndia Kuu, ila hii ilijengwa kwa mbao na saruji, ikawa na ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Kuizunguka walipangwa askari. Wareno walikuwa mbaazi, Waomani walikuwa kunde, na wenyeji waliokimbilia ndani walikuwa choroko. Kila punje iliwekwa mahali pake kwa kibano cha kuokotea pini. Askari wa msaada wa Wareno waliotoka Goa waliliwa na panya mwaka mmoja wa mvua nyingi, Zein akalazimika kwenda Marikiti kununua jeshi jingine. Ukutani zilibandikwa ramani, na vitabu vilipanda hadi kwenye boriti. Kuzingirwa kule kwa Wareno na Waomani, kwa karibu miaka mitatu kuanzia mwaka 1696, Zein alikujua siku kwa siku. Waongoza watalii wa Ngomeni walipobanwa na mgeni mjuaji walimpigia simu, naye aliacha cherehani ya mtu imefunguliwa matumbo akawajibu.

Wakimuuliza alianzaje, alijibu kwa madaha, "Ni damu tu. Tangu utotoni."

Uongo mtupu. Utotoni alipenda mpira na maandazi, na Ngome aliiona kama kila mtoto wa Mombasa anavyoiona, yaani ukuta mzuri wa kukaa kivulini. Alianza akiwa na miaka ishirini na mitatu, siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, na alianza kwa sababu alikamatwa.

Siku hizo kila alasiri alisimama mbele ya nyumba moja karibu na Ngome, kwa sababu dirisha la juu la nyumba hiyo lilikuwa na tabia ya kufunguliwa kidogo. Nyuma ya dirisha alikuwa Khairiya. Mbele ya nyumba, barazani, alikuwa babake, Mzee Zakariya, karani mstaafu wa bandarini, ambaye nyusi zake peke yake zilitosha kuvunja posa.

"Kijana," Mzee alimwita, "huu ni mwezi wa pili wasimama hapa. Wangoja nani?"

Zein aligeuka huku na huku akitafuta jibu, na kitu kilichokuwa karibu kilikuwa Ngome.

"Nautazama ukuta, mzee wangu. Nasoma vita vyake."

"Vita vipi?"

"Vyote."

Mzee Zakariya akazikunja zile nyusi. "Vyema. Ijumaa ijayo ndoo ukae hapa barazani. Nitakuuliza."

Zein alikimbia maktaba mbio za mwizi. Ijumaa iliyofuata akaulizwa, akajibu, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Ijumaa ya pili akaulizwa swali jingine. Ikawa hivyo miezi minane, na siku ya posa Mzee Zakariya aliwaambia wazee mbele ya sinia la halua, "Fundi cherehani nisingempa binti yangu. Nampa mwanachuoni." Kisha akamvuta Zein sikio. "Limebaki swali moja. Wanawake waliokimbilia Ngomeni, kuni zilipokwisha, walipikia nini? Utaniletea jibu baada ya harusi."

Zein alitafuta jibu hilo hakuliona, na Mzee akafariki kabla ya mwaka kuisha.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na ilimwingia kweli. Amepewa mke kwa sifa asiyokuwa nayo, na aliyempa hayupo tena wa kumwomba msamaha. Alimwendea sheikh mmoja, akamweleza habari za rafiki yake, maana mambo kama haya daima huwapata marafiki. Je, ndoa ya rafiki huyo ina kasoro? Sheikh alikuwa ameshavaa viatu, ana mwaliko wa karamu. "Mwambie rafiki yako asome," akasema, "uongo wake utakwisha." Akashuka ngazi.

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Zein aliichukua kauli ile kama hukumu ya mahakama. Miaka thelathini na mmoja hakulala bila kusoma ukurasa wa vita, na kila kitabu alikifungua akitafuta moshi wa jikoni. Waandishi walihesabu mizinga, walihesabu meli, walihesabu maiti. Hakuna aliyehesabu majungu.

Hii ndiyo sababu hakuweza kukitoa chumba kile, na hii ndiyo sababu hakuweza kumwambia mkewe kwa nini. Angemwambiaje? Kwamba alimpata kwa udanganyifu, na kafara bado hajaimaliza?

Basi Jumatatu akaomba muda. Jumanne Khairiya akakata kahawa. Zein alikunywa maji, akajituliza kwamba kuna waliovumilia makubwa zaidi. Jumatano akiteremka alikuta meza imeandaliwa vizuri, mahamri ya moto na mbaazi za nazi, na Khairiya amekaa pembeni ametulia. Zein alishukuru Mungu kwa amani iliyorudi. Alikula sahani ya kwanza. Alikuwa katikati ya sahani ya pili alipohisi kitu kigumu, akakitoa mdomoni, akakitazama. Kilikuwa kibendera kidogo cha karatasi.

"Khairiya, mbaazi hizi umezitoa wapi?"

"Chumba cha juu. Zilikuwa nyingi."

Zein alikuwa amewala Wareno wa ukuta wa kaskazini wote pamoja na nahodha wao. Akapanda juu mbio, akajifungia ndani na mlango akauegemezea gogo. Tokea hapo alishuka kwa sala na kwa msalani tu, tena na ufunguo shingoni.

Jumamosi saa tatu asubuhi Katana alifika na mkokoteni wake. Alikuwa hamali aliyehamisha nusu ya nyumba za mtaa, mtu wa Kaloleni, mtaratibu sana. Alisimama chini ya ngazi akauliza kwa heshima, "Mama, hivyo vita viko wapi nivibebe?"

Khairiya akapanda ngazi na ufagio mkononi. Akagonga.

"Baba Fadhiya, fungua. Mtoto yuko ndiani."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, Khairiya!"

Sauti yake ilipasuka, hata Katana kule chini akavua kofia. Khairiya alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Kwa sauti ile hakuwa amejiandaa, na ilimuumiza. Akaegemeza ufagio ukutani.

"Zein," akasema. Hakuwa akimwita hivyo ila mara moja moja. "Hawa Wareno walikupa nini? Nambie. Miaka yote hii wanipita mlangoni kwenda kukaa nao. Nimekukosea nini mimi?"

Zein hakuwahi kufikiri kwamba kwa upande wa pili wa mlango mambo yalionekana hivyo. Yeye alidhani anailinda ndoa. Akakaa kitako nyuma ya mlango, akasema yote. Alisimulia dirisha, ukuta, uongo wa Ijumaa ile, mwanachuoni wa bandia, sheikh aliyekuwa akienda karamuni, na swali la mwisho ambalo marehemu alikwenda nalo. "Nilikuoa kwa uongo," akamaliza. "Na jibu sijalipata. Siku nitakapokitoa chumba hiki nimekubali kwamba sitalipata, na kwamba mkwe wangu nilimhadaa mpaka kaburini."

Zein akangoja kusikia mkewe akiteremka ngazi. Badala yake alisikia mtu akikaa, kisha sauti asiyoielewa, iwe kilio, iwe kikohozi. Alipobandika sikio mlangoni akatambua kwamba mkewe anacheka, tena ule wa kushika mbavu.

"Nacheka nini na mimi ndiye mwenye makosa," Khairiya akasema alipopata pumzi. "Wewe! Babangu alikuwa na mtoto wa jicho. Hata gazeti nilimsomea mimi. Na mambo ya Ngome hakujua hata moja, alijua bei ya samaki wa Liwatoni tu. Siku ile ulipomwambia wasoma vita, aliingia ndani akaniambia, 'Khairiya, nenda maktaba, nitafutie swali la kumfukuza huyu.'"

Zein akasogea karibu zaidi na mlango.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiyatunga. La kwanza nililifanya gumu kweli, nikijua huji tena. Ukaja, macho mekundu kama pilipili. Nikakuonea huruma. Tokea hapo nikawa nasoma mimi kwanza, halafu kitabu nakirudisha Alhamisi asubuhi, ili wewe ukikute."

"Kile chenye jalada la kijani!" Zein akapiga kelele. "Kila nikienda Jumatatu huambiwa kimeazimwa mpaka Alhamisi! Nimemlaani aliyekiazima miezi minane!"

"Basi ulikuwa ukinilaani mimi. Niliamini wewe ni mtaalamu kweli, nami ndiye ninayekubabaisha. Nikaona haya kukwambia, nikanyamaza. Miaka nayo ikapita."

"Na lile la mwisho?"

"Lile la mwisho nilikuwa nawapikia wageni wa posa yangu mwenyewe, moshi umenijaa machoni, Baba akaja jikoni akaniambia ataka swali moja zito la kumalizia. Nikamwambia lililokuwa kichwani. Jibu sikuwa nalo."

Gogo likaondolewa, na mlango ukafunguliwa. Wakatazamana, mzee mwenye saruji ya zamani kwenye kucha na mwanamke aliyelowa machozi ya kicheko. Zein alitarajia kufurahi. Alikuwa huru, hana deni kwa maiti wala kwa sheikh. Lakini alipogeuka akayaona mabuku yake, na kunde zilizobaki zimesimama zamu, akashikwa na huzuni ya ghafla.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "ningeweza kuacha zamani."

"Ungeweza kuacha siku ya harusi."

"Siwezi sasa, Mama Fadhiya. Nimeshayapenda."

Khairiya aliingia, akapita baina ya ukuta na jeshi la Waomani kwa uangalifu ambao Zein hakuutarajia, akainama kuzitazama choroko zilizojibana ndani ya Ngome.

"Hawa ndio wenyeji?"

"Hao."

"Na wanawake wamo humu?"

"Wamo."

"Walipikia nini, Zein? Mimi mpaka leo nataka kujua."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa akimtafutia jibu mtu aliyekufa, na muulizaji alikuwa akimkaangia samaki chini. Akasafisha koo.

"Haijaandikwa mahali nilipofika mimi. Lakini kwa kukisia, milango. Walianza kwa milango ya ghala."

"Hapana," Khairiya akasema papo hapo. "Mlango wautaka usiku, na ghala laweza kuja kupata kitu. Wewe hujawahi kuzingirwa huku una mume ndani ya nyumba. Mwanamke aliyefika mwisho hachomi mlango. Ataanza na kitanda cha bwana."

Zein akamkodolea macho. Alikuwa amesoma watu wa Lisbon na watu wa Muscat, na hakuna hata mmoja aliyefikiria hilo.

Chini Katana akaita kwamba tuktuk imesimama, na bibi mdogo anashushwa na mzigo wake, na yeye aanze na kipi? Zein akasema aanze na Ngome, tena aishike kwa chini, isipinduke. Yeye mwenyewe akachota kunde kwa viganja akazitia mfukoni, akabeba ramani, akabeba vitabu, akapanda na kushuka mpaka kanzu ikamganda mgongoni. Kitanda kilipoingia, Fadhiya akalala huku akilalamika kwamba chumba kinanuka stoo.

Ndipo Zein alipokaa ngazini, akafungua daftari lake kwenye ukurasa ambao alikuwa ameuacha mtupu tangu mwaka wa harusi. Akaandika swali. Chini yake akaandika jibu, neno kwa neno. Na pale anapotaja siku zote kitabu na mwandishi, akaandika: Khairiya binti Zakariya.