Mwisho Alioukata Fundi

Watu wengine mwaka ukielekea ukingoni hupiga nyumba rangi. Fundi na mkewe walikuwa wanagombania vitabu. Wanakaa kitandani, vitabu vimemwagwa katikati yao, na kila mmoja anatetea anachotaka kisomwe mwaka unaokuja. Kinachoshinda kinaitwa kitabu cha mwaka. Na kwa kuwa wao ni wawili na nakala ni moja, fundi anakipasua katikati kwa kisu chake cha kazi, anakishona upya vinakuwa viwili, kila kimoja na jalada lake. Mke anaanza na cha kwanza. Akikimaliza anampa mume, na mwenyewe anachukua cha pili. Mwiko ulikuwa mmoja tu: aliyetangulia hafungui mdomo mpaka mwenzake amalize. Siku wakimaliza wote wawili, chakula cha jioni kinapoa mezani kwa maneno.

Kazi ya fundi ilikuwa kujalidi vitabu, kazi ya gundi, uzi na mgongo kuuma, na aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mkewe alikuwa amestaafu ualimu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mumewe akiwemo. Fundi alikuwa akisema hawezi kumwita "mke wangu" mtu ambaye bado anamsahihishia hati.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa ameanza kusahau. Yalianza kumtoka majina ya majirani, halafu njia ya kurudi kutoka dukani. Daktari hakuwaficha. Aliwaambia ugonjwa huu haurudi nyuma, unaweza tu kwenda pole pole au kwenda mbio. Hata hivyo mwisho wa mwaka ulipofika Mwalimu alipanda kitandani, akajifunika shuka miguu, akaanza kudai haki zake.

"Mwaka ujao nataka kitabu cha kunikasirisha," alisema. "Cha mwaka huu kimenibembeleza mno. Nataka mwandishi nimtukane mpaka nichoke. Halafu nataka hadithi yenye mzee mjinga. Hawa wazee wa vitabuni wenye busara wamenichosha. Mimi mwenyewe mzee, na busara sijaiona."

Fundi alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe je?" Mwalimu akamuuliza.

"Mimi chochote."

"Chochote si kitabu, bwana."

Fundi alikuwa na lake, ila hakulisema. Alitaka wafike ukurasa wa mwisho, yeye na Mwalimu, chakula kipoe mezani tena mara moja. Mwaka mzima hakutaka kingine.

Walichagua riwaya nene kama tofali, inayomhusu mwanamke mfinyanzi aliyefiwa na mume, na shemeji yake akataka kumpokonya kiwanja. Ilikuwa na mzee mjinga pia, mjumbe wa baraza la mtaa, na Mwalimu akampenda kabla hata hajamsoma. Fundi akaipasua, akaishona, akampa cha kwanza.

Mwalimu alisoma vizuri, kwa kweli. Cha kwanza alikimaliza akicheka na kulaani kama zamani. Shida ilikuja alipofungua cha pili. Alisoma kurasa chache akanyanyua uso.

"Huyu mfinyanzi ni nani?"

Fundi akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwalimu aliamini amepewa kitabu kisicho chake, akamshutumu kuwa amechanganya kazi za wateja, kisha akalia kwa hasira, yeye ambaye fundi hakumwona akilia hata alipomzika mama yake. Ikabidi arudi cha kwanza. Akakimaliza tena, akafungua cha pili, akakutana na watu asiowajua. Mambo yakaenda hivyo hivyo, na kila mara kilio kilikuwa kipya, maana kilichopita alikuwa hakikumbuki.

Aliyetoa ushauri alikuwa dada yake fundi, mshonaji nguo, aliyekuja kila mchana kukaa na wifi yake wakati fundi yuko kazini chumba cha mbele. Yeye na vitabu walikuwa hawapatani. Alisema vinaharibu macho na kukusanya vumbi.

"Nguo ikimzidi mtu unaipunguza," alimwambia kaka yake. "Wifi yangu kitabu kimemzidi. Kipunguze kiishie pale anapofika. Unamtesa bure."

"Kitabu si gauni, dada."

"Na mkeo si mwanafunzi. Kila wiki analizwa kwa ajili ya nini?"

Fundi alirudi kwenye gundi yake. Tangu ashike sindano ya kazi hakuwahi kupoteza ukurasa wa mtu. Mteja akileta kitabu kilicholiwa na panya, yeye aliokoa hata vipande. Lakini Mwalimu alipolia tena, aliketi chumba cha mbele, akakisoma cha kwanza, ambacho zamu yake ilikuwa haijamfikia kwa kuwa Mwalimu alikirudia kila mara. Alikuwa anatafuta pa kukikatia. Akapaona: mfinyanzi anawasha tanuri nyuma ya nyumba yake, jioni, shemeji hayupo. Sura iliyofuata shemeji anarudi na askari. Fundi akaikata sura hiyo. Akatia karatasi tupu nyuma, kama kitabu kinavyoisha, akashona, akavisha jalada jipya.

Sura iliyokatwa na cha pili kizima vikabaki mezani. Vilimtazama. Kuviweka ndani hakuweza, Mwalimu alipekua kila kabati. Na siku ile alikuwa na vitabu vya mahudhurio vya shule vya kuvishwa majalada, na karatasi za kubandika mgongoni, ndani ya jalada, zilikuwa zimemwishia. Kila fundi wa kazi hii anajua mgongo wa kitabu hubandikwa karatasi yoyote iliyo jirani. Akazichana zile kurasa vipande virefu, akazipaka gundi, akazibandika. Shule ikaja kuchukua mzigo wake. Mwisho wa mfinyanzi ukaenda nao, na fundi mwenyewe hakuwa ameusoma.

Mwalimu akasoma kitabu kipya. Akafika kwenye tanuri, akageuza, akakuta karatasi tupu, akakifunga kwa kishindo cha furaha.

"Kimeisha!" alisema. "Bwana, nimemaliza kitabu!"

Dada mtu akapiga vigelegele jikoni. Fundi alisimama mlangoni, gundi mikononi, akajiona amefanya la maana. Alikuwa hajafurahi hivyo miezi mingi.

Mwalimu hakukiweka chini. Alikipapasa mgongo, kama anavyopapasa mtu aliyeishi na fundi wa vitabu maisha yake yote ya ndoa. Akakifungua nyuma, akaangalia uzi.

"Huu uzi ni mpya," alisema taratibu. "Wa mbele umeshonwa zamani, wa nyuma juzi. Umekikata."

Siku hiyo akili yake ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Fundi hakupata pa kukimbilia.

"Ulikuwa unalia, Mwalimu."

"Najua nasahau. Hilo huna haja ya kuniambia." Sauti haikupanda, na heri ingepanda. "Lakini nilikuwa bado nasoma. Nikianza upya ni kwa sababu nilidhani safari hii nitafika. Wewe ukakaa mezani kwako ukaamua sifiki. Hunitarajii tena."

"Sikuwa na nia hiyo."

"Basi nipe kilichobaki."

Fundi akatazama mikono yake. Akamweleza kilipo. Dada yake alitoka jikoni, akaona nyuso zao, akarudi jikoni. Mwalimu aligeukia dirishani, akampa mumewe mgongo mpaka taa zikazimwa.

Asubuhi fundi alifunga chumba cha mbele akaenda kutafuta nakala nyingine. Aliyemuuzia alimwambia riwaya ile haichapishwi tena. Wauza vitabu vikuukuu wa mitaa ya nyuma walivua miwani, wakajikuna vichwa, wakamwonyesha nyingine zenye wafinyanzi au zenye mashemeji. Mwishowe akaenda shuleni, akaomba avitazame vitabu vya mahudhurio. Karani akamletea kimoja. Fundi akaingiza kidole kwenye upenyo wa mgongo akagusa karatasi yake: ngumu, imekauka, imeshikana na kitambaa. Akiivuta itatoka unga. Hakuna aliyejua hilo kuliko yeye. Akamrudishia karani, akashukuru, akatoka.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Hatajitetea. Hatamtaja dada yake. Atasema nilikata kwa sababu niliogopa kukuona ukilia, nikauita woga wangu huruma. Atasema kosa ni langu, unitukane ukitaka, wewe si ulitaka mtu wa kumtukana mwaka huu?

Alimkuta Mwalimu kibarazani, jua la jioni miguuni, kitabu kimefunguliwa mapajani. Uso wake ulikuwa mkunjufu, umejaa amani. Dada alimwashiria kwa macho, lakini fundi hakungoja kuelezwa.

"Mwalimu, nisamehe."

Mwalimu akainua macho. "Kwa lipi?"

Fundi alimtazama vizuri. Aliitafuta ile hasira ya jana, hakuiona, wala alama yake. Ilikuwa imemtoka kama yalivyomtoka majina ya majirani. Angemweleza sasa, angemchoma upya, na akimchoma angepata msamaha ambao kesho mwenyewe hataukumbuka. Aliyeweza kumsamehe alikuwa ameketi mbele yake, na kosa halikuwepo tena popote ila kifuani mwake yeye fundi. Atakaa nalo peke yake.

"Nimechelewa kurudi," alisema.

"Hilo nimeshasamehe." Mwalimu akasogea, akampisha nafasi kwenye mkeka. "Vua viatu ukae. Nimepata kitabu cha mwaka, bwana. Kuna mfinyanzi mmoja humo, nadhani safari hii tutakimaliza wote."

Fundi akavua viatu, akakaa, na Mwalimu akaanza kumsomea kuanzia mstari wa kwanza.