Mpaka Ulio Kwenye Povu

Jumatatu moja ya Novemba, saa tatu asubuhi, Bochaberi alikuwa akipangusa ukingo wa kikopo cha mashine ya kahawa kwa pindo la leso, mara ya nne sasa. Chembe moja tu ya unga wa kahawa ikibaki ukingoni, kifuniko hakikazi. Kifuniko kisipokaza, maji hupita pembeni, na kinachoingia kikombeni ni kama maji yaliyooshewa sufuria.

Mashine ilikuwa ya Linda, binti yake, anayetunza wazee wagonjwa huko Minnesota. Alikuja nayo Agosti, akaiacha aliporudi kwa sababu masanduku yalijaa unga wa wimbi na mboga za chinsaga zilizokaushwa. Mashine ya Amerika haipatani na umeme wa Kenya, kwa hiyo ilibidi Bochaberi aende Kisii mjini, kwa Abdirahim wa vifaa vya umeme, arudi na transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Vikopo vya kutumia na kutupa, thelathini kwa hesabu, wageni walivimaliza kwa mwezi mmoja. Ndipo Linda akatuma viwili vya chuma, vile vya kujazwa tena na tena, kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija mazishini Suneka.

"Mama, si kahawa iko shambani?" Linda alisema kwenye simu, kana kwamba kahawa hutoka mtini ikiwa imeshakaangwa.

Ilikuwa shambani, ndiyo. Lakini Bochaberi alikuwa hajawahi kuionja. Alibatizwa mtoni akiwa na miaka kumi na sita, Msabato, na Wasabato wa kwao hawanywi kahawa. Kuilima ni jambo lingine. Yeye na marehemu Gibson, mumewe, waliichuma miaka thelathini na kuipeleka kiwandani, ikaenda huko kahawa inakokwenda. Nyumbani alibaki na mbuni, yaani kahawa zilizokaushwa mkekani na maganda yake. Akazitwanga kinuni, akazikaanga. Mara ya kwanza alizisagisha kwenye mashine ya posho, zikarudi zimechanganyika na mahindi, na mashine ya Linda ikatoa uji. Linda akatuma kinu cha mkono. Unga ukiwa laini mno, mashine iliguna kama ng'ombe anayezaa ikatoa matone manne. Ukiwa mkavu na wenye chenga, yakatoka maji. Wiki tatu zilipotea hivyo, wiki ambazo Bochaberi hakuona nani angemrudishia. Angeweza kuiacha, ila hakuwa mtu wa kushindwa na kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Jumatatu hiyo alijaza kikopo hadi ukingoni, akasawazisha kwa mgongo wa kisu, akashindilia kwa kitako cha chupa ya dawa ya kikohozi, akapangusa, akafunga. Mashine ikanguruma vizuri. Kahawa ikashuka nyembamba na nzito, na juu yake likakaa povu la rangi ya ganda la njugu.

Kikombe kilikuwa cha Nyamusi, jirani yake, ambaye ni Mkatoliki na hana tatizo. Nyamusi alikitazama kabla ya kutia sukari.

"Mama Linda," alisema, "hili ni shamba lako."

Bochaberi akainama. Kwenye povu mto ulikuwa chini, mstari mweusi uliopinda palepale unapopinda. Nyumba ilikuwepo, na choo, na kipande cha majani chai. Jiwe kubwa lilikuwa mahali pake, na kutoka kwenye jiwe mpaka ulishuka moja kwa moja hadi mtoni. Ndani ya mpaka safu za kahawa zilikuwa vitone vitone.

"Na mpaka huu si huu wa sasa," Nyamusi alisema. Akahesabu kwa ncha ya kijiko. "Safu mbili za huku. Miti arobaini na miwili."

"Ndiyo hiyo."

"Basi mpelekee naibu wa chifu aone." Akatia sukari, akakoroga shamba lote, akanywa.

Mambo yalikuwa hivi. Gibson alipolazwa hospitalini kwa miezi saba, ndugu yake Ogoti alipanda nyasi za napia upande wa huku wa jiwe, kulisha ng'ombe. Gibson alipozikwa, Ogoti akasema napia imekuwa hapo tangu zamani na ndiyo mpaka. Safu mbili zikaangukia kwake. Ni miti ambayo Bochaberi aliipanda na mumewe mwaka aliozaliwa Linda, yeye akishika mche, Gibson akifukia. Sasa Ogoti alikuwa ametangaza kwamba mvua ya Machi ikinyesha ataing'oa apande maparachichi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mti uliong'olewa hauna kesi. Bochaberi alikuwa na hadi Machi.

Alijaribu tena Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Kila kikopo kilitoa shamba lilelile. Jumamosi hakujaribu, kwa kuwa ni Sabato.

Naibu wa chifu, Bwana Onsongo, alikuja kwa pikipiki na faili kwapani. Alikigeuza kikombe mpaka mto ukawa upande wake wa kweli, akalitazama lile jiwe, akatazama nje dirishani, akatazama tena kikombe.

"Ni kweli kabisa," alisema. Kisha akaona povu linaanza kukonda. "Isipoe," akasema, akainywa. "Sasa mama, mimi nimeona. Lakini mambo ya mpaka ni ya wazee."

Wazee walikuwa watano, na vikopo vilikuwa viwili. Kujaza, kusawazisha, kushindilia, kupangusa, kufunga. Kungoja chuma kipoe kwa sababu huchoma vidole. Kugonga machicha yatoke, kuosha, kukausha, maana kikiwa na unyevu kahawa hugandia ndani. Alipofika kwa mzee wa tano, wa kwanza alikuwa amekwisha kunywa na kusahau mpaka ulipita wapi, akaomba kingine alinganishe.

Mwenyekiti wao alikuwa mzee Onchiri, Omogaka kwa heshima, Msabato ambaye kanisani kwa Bochaberi hukaa benchi la pili. Bochaberi alisimama na sahani mkononi akamtazama akipuliza kikombe.

"Hii si kahawa, Mama Linda," Omogaka alisema. "Huu ni ushahidi."

"Mimi nilidhani ushahidi huangaliwa."

"Huchunguzwa." Akauchunguza hadi chini.

Waliamua kwa kauli moja kwamba mpaka uko kama ulivyo kikombeni. Katibu wao, Eric, akaandika. Lakini wazee hawang'oi napia ya mtu kwa maneno, walisema, lazima mpimaji aje. Na kwa kuwa ushahidi uko kwa Bochaberi, wataendelea kuketi kwake kila Jumatano.

Mpimaji, Bwana Ochoki, alifika Januari. Alitoa rula ndogo mfukoni, akapima povu kutoka jiwe hadi mto, akapiga hesabu, akasema ramani hiyo ni sahihi kuliko yake, kwa sababu yake ililiwa na panya upande huu. Akaipiga picha kwa simu. Picha ikatoka safi, kila kitone kikionekana.

"Basi imeisha," Bochaberi alisema.

"Picha ni nakala, mama. Faili linataka asili."

"Asili ni povu."

"Ndiyo. Niletee ofisini."

Povu hukaa dakika nne. Kutoka kwake hadi Kisii mjini ni dakika ishirini na tano kwa bodaboda, kama ng'ombe hawajakaa barabarani. Hata hivyo alijaribu, kikombe kimefunikwa kwa sahani na kukumbatiwa kifuani, akafika na kahawa nyeusi tupu na doa kwenye gauni. Safari ya pili alibeba mashine na transfoma. Pale ofisini watu walijipanga, walikunywa wote, na walikubaliana kwamba Mama ana mkono mzuri. Asili ilipotafutwa ili ibandikwe kwenye faili, vikombe vilikuwa vitupu. Bwana Ochoki alisema arudi akiwa na kikombe kisichonyweka.

Bochaberi alirudi nyumbani na transfoma mapajani. Alikuwa na hasira kiasi kwamba masikio yaliziba, na dereva wa bodaboda alipomuuliza ashuke wapi, alimwonyesha tu kwa kidole.

Februari wazee walimwita Ogoti mwenyewe. Alikuja amevaa gambuti, akazivua mlangoni kwa adabu, akakaa kwenye kiti cha Gibson.

"Shemeji, hamjambo hapa?"

"Hatujambo, shemeji."

Akamwekea kikombe mbele. Ogoti alikitazama muda mrefu, na uso wake ukalainika.

"Ni kweli," alisema. "Hapa ndipo palikuwa mpaka. Hili jiwe tulikuwa tunalikalia na marehemu, tukila mapera. Baba alituonyesha hapahapa, kwa fimbo yake."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Eric aliandika. Bochaberi akajiona tayari yuko kwenye safu zake mbili na kikapu.

"Basi utang'oa napia," alisema.

Ogoti alimtazama kwa huruma. "Shemeji, nimesema palikuwa. Napia imeshashika mizizi."

Wazee walifikiri, wakasema hilo nalo ni kweli, napia ikishika mizizi imeshika. Omogaka Onchiri alimgeukia Bochaberi. "Subira huvuta heri, Mama Linda."

Subira ya Bochaberi ilikuwa imeshavuta naibu wa chifu, wazee watano, katibu, mpimaji, na kilo mbili za sukari. Heri alikuwa hajaiona. Ogoti alisema kahawa ni tamu ila inataka sukari kidogo, na Bochaberi akampa, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Mvua ilinyesha Machi, wiki ya kwanza. Jumatano iliyofuata wazee walikuwa kwenye kikombe cha tatu walipoanza kusikia majembe. Bochaberi alifika dirishani kwanza. Ogoti na wanaume wawili walikuwa wameanza na safu ya juu. Mti wa kahawa wa miaka thelathini hautoki kirahisi. Walikuwa wakichimba kuuzunguka, wakiukata mizizi kwa panga, kisha wakiuegemea wote watatu.

"Wazee," Bochaberi alisema, "wanang'oa."

Omogaka Onchiri alisimama akaja dirishani na kikombe chake. Alitazama nje. Halafu akatazama ndani ya kikombe, akahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Humu bado ipo," alisema. "Yote." Akarudi kukaa.

Bochaberi alikwenda jikoni akaosha kikopo, na alikiosha muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Siku tatu baadaye moshi wa miti yake ulipita nyumbani kwake kutoka jikoni kwa Ogoti, na ulinukia vizuri.

Jumatano iliyofuata aliamka mapema, akasaga, akajaza, akashindilia, akapangusa mara moja tu. Kifuniko kikakaza mara ya kwanza, kama ilivyo kawaida ya vitu mtu akishaacha kuvihitaji. Povu likakaa. Mto, nyumba, jiwe, mpaka, vitone arobaini na viwili. Alitazama mpaka akaona povu linakonda upande wa jiwe. Aliwaza juu ya mtu mmoja baada ya mwingine aliyekwisha kuinywa ardhi hii, na kwamba katika wote hao hakuwemo aliyeipalilia. Akakinyanyua kikombe akanywa. Ilikuwa chungu kuliko alivyofikiri, na kwa mshangao wake mdogo haikuwa mbaya.

Wazee walipofika walikuta kikombe mezani.

"Ushahidi uko wapi?" Omogaka Onchiri aliuliza.

"Nimeunywa."

Eric aliinua kalamu, akamtazama mwenyekiti wake.

"Andika," Omogaka alisema taratibu, bila furaha, "mlalamishi ameharibu ushahidi kwa kuunywa. Kesi imefungwa."

"Omogaka, ninyi mmeunywa tangu Novemba."

"Sisi tulikuwa tunauchunguza." Akavua kofia akaiweka gotini. "Na hili la wewe kunywa kahawa, Mama Linda, itabidi tuliongee kanisani." Kisha akangoja, na wenzake wakangoja, vidole vikiwa mezani mahali ambapo vikombe huwekwa.

"Mashine imeharibika," Bochaberi alisema. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu abatizwe, na ulitoka bila taabu. Wazee walikaa kidogo kwa heshima, wakasema pole, wakaenda.

Mashine ni nzima hadi leo. Kila asubuhi isipokuwa Sabato, Bochaberi hujaza kikopo kimoja na kusimama dirishani na kikombe chake. Huanza kunywa upande wa mto, hupita kwenye majani chai, hupita kwenye nyumba. Zile safu mbili huziacha mwisho. Wakati huo Ogoti huwa yuko upande wa pili, akikata napia kwa ajili ya ng'ombe, na miche ya maparachichi imemfika gotini.

"Shemeji, umeamkaje?" huita.

"Nimeamka salama," Bochaberi hujibu, na humeza. Halafu hugonga machicha, huosha kikopo, na hukianika juani kwa kesho.