X Nyekundu Katika Msitu wa Kijiji

Aneth alikuwa msomi, hilo hatumnyimi. Mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uhifadhi wa maliasili, na majina ya miti aliyataja kwa Kilatini bila kumeza mate. Lakini usomi ni kitu kimoja na kuwajua watu wa kwenu ni kingine, na Agosti ile hicho cha pili kilimponyoka.

Kazi aliyopewa na chuo ilikuwa hii: arudi kwao, nje kidogo ya Itigi, apime vipande arobaini vya msitu wa kijiji, ahesabu miti ndani ya kila kipande, kisha aandike ripoti ya mwisho. Bila ripoti, hakuna kuhitimu. Barua aliipeleka kwa mtendaji, ikagongwa muhuri, akaanza. Kila pembe ya kipande alifunga utepe wa bluu mtini. Siku ya tatu akakuta mbuzi wa jirani yao Gasto wameutafuna karibu wote, na mmoja bado ananing'iniza kipande mdomoni bila haya. Aneth akasema, hamnijui nyinyi. Akanunua kopo la rangi nyekundu na brashi, na Jumatano nzima akazunguka msituni akipaka miti ya pembe alama moja kubwa ya kuonekana kwa mbali. X.

X nyekundu, jamani! Katika nchi hii hata mtoto wa chekechea anaijua. Nyumba yako ikipigwa X, anza kufungasha vyombo, greda liko njiani. Kuuliza si ujinga, lakini bibie hakumuuliza mtu. Alirudi jioni amechoka, akalala hata ugali hakugusa.

Alhamisi asubuhi alikuwa anakunywa uji nyumbani kwa mama yake mkubwa, Febronia, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Mwenyewe Febronia alikuwa ametoka alfajiri bila kusema anakwenda wapi. Ndipo Aneth akasikia shoka, kisha la pili, kisha kishindo cha mti kuanguka. Akatoka mbio, kandambili moja ikabaki njiani.

Ukingoni mwa msitu alikuta watu kama thelathini, mashoka na mapanga mkononi, na mkokoteni wa ng'ombe tayari kwa kupakia. Gasto alikuwa amesimama juu ya mti wa mtundu alioangusha.

"Shikamoo, baba Leah," Aneth alimwamkia akihema. Hata roho ikiwa mdomoni, mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba. Serikali inafyeka msitu, mwanangu. Tunachukua nguzo zetu kabla hawajaja."

"Hakuna anayefyeka! Hizo X nimepaka mimi!"

Heri angenyamaza. Mama mmoja akapiga makofi ya mshangao. "Kumbe ni wewe! Ndiyo elimu hiyo? Unakwenda chuo ili uje kutuuzia msitu?" Wengine wakadakia kwa Kinyaturu, maneno ambayo sitayarudia hapa.

Aneth aliona ripoti yake inakwenda na maji. Lakini kilichomuuma zaidi ni kuitwa muuzaji wa msitu ule, uliomlea. Akapaza sauti, machozi yanamtoka: "Ule mtundu mkubwa wa bondeni una mizinga mitatu ya mama mkubwa. Asali yake ndiyo iliyoninunulia sare na madaftari tangu darasa la kwanza. Nao nimeupiga X. Mnadhani naweza kuuza mti ule?"

Mwenyekiti wa kijiji, Chediel, akainua mkono watu wanyamaze. "Febronia ameshusha mizinga yake?"

Hakuna aliyejua. "Basi twende tukaone," akasema Chediel. "Kama ameishusha, hata yeye aliyemlea hamwamini, na mimi nachukua shoka."

Wakashuka bondeni. Aneth alitembea mbele, mguu mmoja peku, akiomba kimoyomoyo. Mzinga ukishushwa ukiwa na asali, nyuki huhama, na hapo mama mkubwa angekuwa amepoteza chakula cha mwaka kwa ujinga wa brashi.

Mizinga ilikuwa juu, yote mitatu, nyuki wanaingia na kutoka. Febronia alikuwa ameketi chini ya mti, mgongo kwenye ile X.

"Nyie, mbona mashoka asubuhi yote hii?" akauliza. "Niliiona jana. Rangi imechuruzika hadi kwenye mizizi. Mwenye papara kama hiyo nyumbani kwangu ni mmoja tu. Nikasema, huyu ni mwanangu, hawezi kunikatia mti. Ana lake, atasema."

Chediel ndiye aliyeanza kucheka, wengine wakafuata, mpaka yule mama wa makofi akajishika mbavu. Gasto hakucheka. Aliweka shoka chini, akamwendea Aneth. "Kwenye hesabu zako, andika kisiki kile. Andika na jina langu."

"Nitaandika kisiki, baba. Kosa ni langu. Zile X zilikuwa alama za kupimia tu, msitu haukatwi."

Siku hiyohiyo X zikakwanguliwa, zikawekwa namba ndogo za chokaa. Waliokuja na mashoka wakashika kamba za kupimia, na Gasto akafunga mbuzi wake. Kidole kimoja hakivunji chawa: vipande ambavyo Aneth angevipima peke yake wiki tatu viliisha kwa siku sita. Kila jioni aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina, na alimaanisha.

Siku ya sita, watu walipotawanyika, akapiga magoti mbele ya Febronia. "Asante, mama. Ulikuwa na uhakika na mimi kuliko nilivyokuwa mwenyewe."

"Uhakika gani?" Febronia akacheka kidogo. "Alfajiri ile nilikwenda na kamba ya kushushia mizinga. Nimepanda mti ule mara mbili, nikateremka mara mbili. Nikaona, nikishusha, mwanangu hana wa kumwamini. Nikaikalia kamba ili wasiione."

Aneth akainuka. Akamkumbatia, akalia kwa sauti, na Febronia akamwacha alie.