Anayelia Hapostiwi

Nilimkunja Lwitiko mbele ya watu wote waliopanga foleni ya gurudumu kubwa la mabembea. Shati lake lingekuwa nimelishona mimi lingestahimili, lakini lilikuwa mtumba wa siku nyingi, kola ikabaki mkononi mwangu. Mimi Ketrina nina hasira za karibu, hilo silifichi. Marehemu mume wangu, Rabson, alikuwa akiwaambia rafiki zake kwamba kuna pilipili za kula na pilipili za kuoa, na yeye kaoa.

Ila mnihukumu baada ya kusikia alichonifanyia yule kijana.

Mabembea yalikuja Tunduma mwezi wa sita, shule zimefungwa, na baridi ile ya upepo inayopasua midomo. Rabson alikuwa amemwahidi binti yetu Dina, mwenye miaka saba, kwamba yakija tena watapanda gurudumu kubwa wote wawili. Mwezi wa pili homa ikamshika Rabson, siku tano tu, akatutoka. Ahadi ikabaki kwangu. Mtoto anaweza kusahau daftari shuleni, anaweza kusahau kandambili mtoni, lakini ahadi ya mabembea haisahau ng'o.

Shida ni kwamba msiba ulikuwa haujamalizwa. Kwa wakwe zangu kule Ihanda, mjane hachezi wala hachangamki mbele za watu mpaka ukoo ukae, mchungaji aombe, msiba uondolewe rasmi, na hilo tulilipanga baada ya mavuno ya kahawa. Nami nilikuwa nimeshika utaratibu vizuri: kanisani, kwenye cherehani yangu, nyumbani, basi. Lakini pale kwenye gurudumu mtoto mfupi hapandi bila mtu mzima. Nikajifunga kitenge changu cheusi, nikamwambia Dina tunapanda mara moja, tunashuka, hakuna atakayejua.

Hakuna atakayejua! Loo.

Viti vya gurudumu lile ni mabenchi mawili yanayotazamana. Mbele yetu akakaa kijana mwembamba, ndiye huyo Lwitiko, simu kaifunga kwa kamba mkononi. Nilikuwa namjua kwa sura. Ni mmoja wa wale wanaojiita Wazee wa Gurudumu, na ndevu zenyewe bado wanazisubiri. Wanashinda pale, wanapanda, wanashuka, wanapanda tena, wanajua chuma gani kinalia na kiti gani kinayumba. Akaniamkia vizuri, nikaitikia. Akainua simu. Nikadhani anajipiga picha mwenyewe, maana ndiyo kazi yao kutwa.

Tulipofika juu kabisa umeme ukakatika. Muziki ukazima, gurudumu likasimama, tukabaki tunaning'inia na upepo. Chini yetu mabati ya Tunduma, foleni ya malori hadi mpakani, na Nakonde ng'ambo, upande wa Zambia. Yaliyotokea pale juu nilidhani ni yangu na mwanangu. Umeme ukarudi, tukashuka, tukaenda zetu nyumbani.

Kesho yake jirani yangu Eva akaja mbio, hata hodi hakupiga, akaninyooshea simu yake.

"Mama Dina, huyu si wewe?"

Nilikuwa mimi. Kichwa nimekirusha nyuma, mdomo wazi mpaka magego yanahesabika, nacheka, kitenge cheusi cha msiba kinapepea. Sekunde kumi na mbili. Juu ya video Lwitiko kaandika: "Mama kafurahi kuliko mtoto." Na watu chini wakamwaga yao. Mmoja akauliza, "Si mke wa Rabson huyu? Mbona kapona mapema?" Mwingine akajibu kwamba wajane wa siku hizi hawangoji hata udongo ukauke.

Jioni hiyo hiyo akapiga shemeji yangu Shadrack, kaka mkubwa wa Rabson. Hakusalimia.

"Tumeona," akasema.

"Shemeji, ngoja nikueleze..."

"Utaeleza Jumapili mbele ya ukoo. Uje na Dina. Na begi lake la nguo."

Akakata. Nikakaa kitandani na simu mkononi. Angesema mtoto aje kusalimia bibi yake, nisingeshtuka. Lakini begi la nguo! Alitaka Dina abaki Ihanda, alelewe na ukoo, mama yake akacheke mjini kwa nafasi. Nimeogopa mambo mengi maishani, ila sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa lile begi.

Ndiyo asubuhi yake nikaenda uwanjani, nikamkunja Lwitiko.

"Futa!" nikamwambia.

Akafuta pale pale. "Nimefuta, mama. Ila watu wameshaichukua."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilishajua. Nikamwambia yote: msiba, Shadrack, begi. Kijana akabadilika rangi.

"Mama, nisamehe. Sikujua kama una msiba. Na sikuweka kwa ubaya, niliweka pale pazuri tu."

"Pazuri wapi?"

"Sisi tuna sheria zetu," akasema, na wenzake wawili nyuma yake wakaitikia kwa vichwa kuunga mkono. "Simu lazima iwe na kamba, isije ikamwangukia mtu. Mkono hautoki nje ya chuma. Anayetapika hapostiwi. Anayelia hapostiwi. Wewe ulilia, mama. Kipande hicho nikakikata, nikabakiza kicheko."

"Na sheria ya kumwomba mtu ruhusa mliiandika wapi?"

 Wazee wa Gurudumu wote wakaanza kuangalia viatu vyao.

Hasira zikanishuka hapo, na zikishuka huwa nachoka kama mtu aliyelima. Kumbe kijana alinistahi. Aliona machozi yangu akayafunika, akatoa nje kicheko peke yake, kama mtu anayekupeleka sokoni na nusu ya gauni. Nikamuuliza kama kile kipande alichokikata bado anacho.

"Ninacho. Ile nzima ya mwanzo huwa siifuti."

"Basi Jumapili unakwenda na mimi Ihanda."

"Mimi?"

"Wewe, na hiyo simu. Ukikataa, nitakichana na hicho kipande cha shati kilichobaki."

Sikutegemea atokee. Jumapili akatokea, kaoga, kanyoa nywele. Nikamshonea kola yake kwanza, ndipo tukaondoka. Dina alibeba begi lake mwenyewe na kuimba njia nzima, anafikiri anakwenda likizo kwa bibi. Kila alipoimba, moyo ulinikatika.

Ihanda kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja uani kote. Sebuleni ukoo umeshaketi. Mama mkwe wangu, bibi Tusekile, alikaa chini kwenye mkeka, kajifunika khanga, anatazama sakafu. Tangu tumzike Rabson, mama yule alikuwa anaitikia salamu tu. Shadrack akachukua begi mkononi mwa Dina, akaliweka nyuma ya kiti chake. Nililiona linavyopita, nikauma meno.

Shadrack akaongea. Sisemi aliongea uongo. Alisema ndugu yake hana hata miezi mitano ardhini, na mke wake anaonekana na nchi nzima akicheka. Alisema mtoto wa marehemu hawezi kulelewa na mtu aliyesahau. Hapo akakohoa kidogo, akakaa.

Nikasimama niseme, maneno yakanikimbia. Mimi, Ketrina, maneno yakanikimbia! Lwitiko akainuka.

"Shikamooni wazee. Niliyempiga picha mama huyu ni mimi, bila kumwomba. Na nilikata. Nawaomba muone yote."

Akaiweka simu mezani, akaongeza sauti. Hata mimi nilikuwa sijaiona. Kwanza upepo. Halafu mimi, nimemkumbatia Dina, natazama angani kama mjinga, nasema: "Rabson, mtoto wako kapanda. Nimemleta mimi." Kisha nikalia. Sikujua kama nililia vile. Makaburini sikulia hivyo, maana kule watu walikuwa wamenishika mikono.

Kisha sauti ya Dina, tulivu kabisa: "Mama, baba angekuwepo angeshatapika."

Halafu ndiyo kile kicheko.

 Kila mtu mle ndani alimjua Rabson. Mwanaume aliyeendesha lori mpaka Lubumbashi bila woga, lakini bati likivuja anamwita fundi, kisa hapandi ngazi. Alimwahidi mtoto gurudumu, na mimi na Dina tulishakubaliana zamani kwamba siku hiyo tutabeba mfuko wa plastiki.

Shadrack akajikaza. "Hata hivyo..."

Mama mkwe akainua mkono. 

"Kijana, rudisha hapo mtoto anaposema."

Lwitiko akarudisha. *Baba angekuwepo angeshatapika.*

"Angeshatapika," bibi Tusekile akarudia polepole, kama anaonja chumvi. Akageuka kwa mwanawe mkubwa. "Mdogo wako alipanda mparachichi ule wa uani, ana miaka tisa, akashindwa kushuka. Analia huko juu, ameng'ang'ania tawi. Nani alipanda kumshusha?"

Shadrack akatazama chini. "Mimi, mama."

"Ukambeba mgongoni."

"Nikambeba."

"Na yeye akafanya nini?"

Mtu mzima yule akafuta uso kwa kiganja. Mabega yakaanza kumcheza.

"Alinitapikia, mama. Shati langu jipya la Krismasi."

Mama mkwe akapasuka. Alicheka mpaka khanga ikaanguka, akashika mbavu, akapiga mkeka kwa kofi, anajaribu kusema "lilikuwa jeupe, jamani, lilikuwa jeupe," na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na sasa hujui kama anacheka au analia, na yeye mwenyewe hajui. Shadrack akamfuata, sauti nzito. Mashangazi nao. Mimi nikapiga magoti kwenye mkeka, mama akanivuta kichwa kifuani kwake kwa nguvu.

"Mwanangu, mbona hukuniita nikapande na mimi?" akaniambia sikioni. Kisha kwa sauti: "Shadrack, mpe mtoto begi lake. Ataondoka na mama yake."

Shadrack akalitoa begi nyuma ya kiti, akampa Dina mikononi. Akainama akamfunga kamba za viatu pia, ingawa zilikuwa zimefungwa.

Mama mkwe bado alikuwa anacheka, na meno yake machache, na uso umelowa. Nikamwona Lwitiko mkono wake umeshaichukua simu mezani. Mazoea. Safari hii aliniangalia kwanza.

Nikatikisa kichwa: hapana. Akairudisha mfukoni.