Jiwe la Kozi ya Tatu

Jiwe la kozi ya tatu, safu ya tatu ya ukuta kutoka chini, pale pembeni, halikulia. Mama Kokoto aliligonga tena kwa nyundo, akasikiliza. Mawe mengine yaliitika kwa sauti kali. Hili lilijibu kama mtu mwenye mafua. Lilikuwa na ufa ndani. Jana, kwa pupa ya kutaka kuonekana, hakuligonga kabla ya kulilaza, na huu ndio ukuta wake wa kwanza tangu aache kuvunja kokoto.

"Nabomoa pembe," alisema. "Saruji haijakomaa bado."

Shemeji yake, aliyemwombea kazi hapa, aliangusha mwiko. "Shemeji, una wazimu? Mchana tajiri anakuja kuangalia. Plasta itaficha!"

"Plasta haibebi paa."

Fundi mkuu akaja taratibu, mikono nyuma, tumbo mbele. Ndiye aliyeapa kwamba mwanamke wa kokoto hamalizi wiki, na leo ilikuwa siku ya sita. "Sikia, mama. Nimejenga miaka thelathini, sijawahi kulijulia hali jiwe. Ukibomoa, fungasha virago."

Mama Kokoto aliogopa, mtu asiseme hakuogopa. Miaka kumi na miwili alikaa kwenye rundo akivunja mawe, vumbi hadi kwenye kope, na kila jiwe lilimfundisha linavyolia kabla ya kupasuka. Hakujua kwamba ule ulikuwa ujuzi. Alidhani ni shida tu. Sasa alikuwa ameujua, na hakuwa tayari kuuficha kwa ajili ya tajiri wala fundi mkuu.

"Nitafungasha nikishamaliza," akasema, akachukua mtaimbo.

Alianza juu, jiwe baada ya jiwe, akiyapanga chini kwa utaratibu. Wachanganya zege wakapiga miluzi. Tajiri alikuta pengo, akafoka, akaondoka. Mama Kokoto hakugeuka. Alipolifikia lile jiwe alilishusha, akalipiga mara moja tu. Likafunguka vipande viwili, na katikati udongo mwekundu, wenye unyevu.

Fundi mkuu akasogea, akautazama ule udongo. Mama Kokoto akachagua jiwe jingine, akaligonga, likalia.

Saa ya kutoka, shemeji alibaki kumshikia kamba ya kunyooshea ukuta. Upande wa pili, kwenye ukuta alioujenga mwenyewe, fundi mkuu alikuwa ameinama na nyundo. Akagonga. Akasogea hatua moja, akagonga. Kisha akasimama mahali pamoja, akagonga tena, polepole.