Randa Ndani ya Mkoba

Wifi yangu alipoinua mkoba wangu anisaidie kuuvaa mgongoni, alikunja uso. "Wifi, umebeba nini humu, mawe? Huko mlimani yamejaa tele."

"Beba wako," nikamjibu. "Wangu niachie mwenyewe."

Sikuwa na adabu, najua. Lakini angeufungua angeikuta chini kabisa, imeviringishwa kwenye taulo, randa ya kaka yake. Yeye ndiye aliyefungasha vifaa vyote vya karakana kwenye masanduku, akatafuta na mnunuzi, akapanga aje Jumatatu. Alipotoka kwenda kununua kamba, nikaichomoa randa. Ukiniuliza kwa nini, nilikuwa na hasira, na mimi nikikasirika mikono hutangulia akili.

Mume wangu ni seremala. Mtaani wanamwita Fundi, na mimi pia namwita hivyo. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, tukahangaika na hospitali, mwisho likabaki giza tupu. Tangu hapo ni yeye na kochi la sebuleni, na karakana imefungwa upande wa pili wa ukuta. Nikitoka saluni jioni namkuta palepale nilipomwacha. Hanuni, halalamiki. Afadhali angelalamika. Niliolewa na mtu anayegombana na mbao kutwa nzima, sasa naishi na mgeni mpole anayeshukuru kwa kila kikombe cha chai. Dada yake alipomshauri vifaa viuzwe kabla havijashika kutu, alisema, "Sawa." Akaomba jambo moja tu: kwanza apelekwe kwenye maziwa ya mlimani, alikokuwa akipanda kila mwaka enzi za macho yake.

"Nikayaage," alisema. "Nikirudi, wachukue."

Basi ndiyo tukapanda. Mimi mbele, yeye nyuma yangu ameshika mkanda unaoning'inia kwenye mkoba wangu, wifi nyuma yake na hema na jiko la gesi. Mimi natangaza njia: jiwe, mzizi, matope. Yeye anafuata kimya, mkono wake uko karibu kabisa na randa yake, na hajui.

Ziwa la kwanza tulipumzika. Nikajitahidi kumwelezea, ingawa kueleza si fani yangu. "Maji ni ya kijani. Kama ukuta wa saluni."

"Rangi ya zamani au ya sasa?"

"Ya zamani."

"Sawa," akasema, na hakuuliza tena. Hiyo sawa yake nilikuwa nimefika hatua ya kuichukia.

Mvua ilitukuta karibu na ziwa la pili. Bahati nzuri pana kibanda cha wasafiri pale ukingoni, chenye benchi na vitanda vya mbao. Tukajitosa ndani, tumelowa chapachapa, nikausukuma mlango ufungwe. Ukakwama katikati. Sehemu ya chini ilikuwa inakwaruza sakafu, haiendi mbele wala nyuma, na mvua inaingia kama imealikwa. Nikaupiga teke. Wifi akausukuma kwa bega. Nikaupiga teke la pili.

"Acha kuupiga," Fundi akasema kutoka kwenye benchi. "Umekukosea nini?"

Akainuka, akaufuata ukuta kwa kiganja mpaka mlangoni. Akapapasa bawaba ya juu, ya chini, ukingo wote mpaka sakafuni. Nikaona midomo yake inaanza kuchezacheza. Midomo ile naijua.

"Nani aliyefunga mlango huu?"

"Sijui, Fundi."

"Misumari. Bawaba kazipigia misumari. Mtu mzima na akili zake." Sauti ilikuwa inapanda. "Halafu huku chini hakupitisha hata randa. Mbao ikinywa maji si inavimba? Huyu si fundi, huyu ni mhuni."

Ulikuwa umepita muda mrefu sijamsikia akimtukana mtu.

"Bibie," akasema, "una kisu?"

Nikapiga magoti, nikatoa nguo zote mkobani, nikafungua taulo. Nikamwekea randa mkononi.

Kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kibonyeo ambacho kidole hichohicho kilikichimba kwa miaka.

"Hii ni yangu."

"Ndiyo."

"Si ilikuwa kwenye sanduku?"

"Nimeiiba."

"Kumbe mawe yenyewe ndiyo hayo," wifi akasema nyuma yangu.

Nikasubiri. Angesema sawa, naapa ningeitupa ziwani na mimi nikashuka zangu mlima peke yangu.

"Uliifunga na taulo kavu au bichi?" akauliza kwa ukali.

"Kavu."

"Haya. Shikeni mlango."

Misumari ilikuwa imelegea kiasi kwamba kigingi cha hema kilitosha kuing'oa. Tukaulaza mlango juu ya benchi, wifi akakandamiza upande mmoja, mimi mwingine. Fundi akapima ukingo kwa vidole vya kushoto, akasukuma randa kwa mkono wa kulia. Ikateleza, ikamkwangua kidole, damu ikatoka. Nikanyoosha mkono niichukue, wifi akanidaka.

"Mwache," akaninong'oneza. "Wifi yangu, mwache."

Akanyonya kidole, akaendelea. Maranda yakaanza kutoka, membamba, yakituangukia viatuni. Anasimama, anapapasa, anamtukana yule mhuni, anasukuma tena.

"Tulia," akamwambia dada yake. "Unatikisa mlango."

"Nalia, kaka."

"Lia bila kutikisa."

Tukaupachika, akaipigilia misumari kwa jiwe kwenye mbao nzima, pembeni ya matundu ya zamani, kwa kupapasa, tena polepole. Kisha akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunga. Mvua ikabaki kwao nje.

"Ni wa muda tu," akasema. "Unataka skrubu. Tutarudi nazo."

Mimi na wifi tukatazamana. Hakuna aliyethubutu kuligusa lile neno "tutarudi".

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunakaribia ziwa la juu, mahali ambapo mtandao unashika, simu ya wifi ikaita. Akaangalia jina, akaniangalia mimi, kisha akamkabidhi kaka yake. "Ni yule wa vifaa."

"Ndiyo, mwenyewe," Fundi akasema. "Sikia, ndugu yangu, randa haimo." Akasikiliza. "Anasema hata bila randa atachukua," akatuambia. Akarudi kwenye simu. "Basi na hivyo vingine havimo. Usije. Samahani kwa usumbufu."

Tulipofika ziwani akachuchumaa, akatumbukiza mikono majini mpaka kwenye viwiko. Akakaa hivyo.

"Si ulikuja kuaga?" dada yake akamuuliza.

"Nitaagaje na mlango hauna skrubu?" Akajikausha mikono kwenye suruali. "Bibie, lete randa."

Nikampa. Akaitia kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Ni nzito, Fundi."

"Naujua uzito wake. Umenibebea vya kutosha."

Nikageukia ziwa nikajifanya naangalia maji, nisije nikaonekana nalia. Wifi, kuona mkoba wangu umepata nafasi, akanisokomezea jiko la gesi. Siku nyingine tungegombana. Nikalibeba mpaka nyumbani.