Hatua za Frédéric

Mama Domitille wa Songo, mtaa wa Uvira, alikuwa na ugomvi wa miaka arobaini na kizingiti cha jirani yake. Kila asubuhi alivuka njia kwenda kwa Mwamvua kuomba kaa la moto au kurudisha sufuria, na kila asubuhi, peku kama kawaida yake, alikanyaga magamba ya konokono wa ziwani yaliyopachikwa kwenye saruji ya kizingiti kile: matano, moja, matano.

"Hii kizingiti yako inakula bantu," alikuwa akisema.

"Vaa viatu, weye mukristu," Mwamvua alikuwa akimjibu huku akimmiminia chai.

Alhamisi ile chai ilipoa bila mnywaji. Domitille alivaa kitenge chake cha Pasaka akatoka na mjukuu wake Noella, mwalimu wa shule ya msingi, kwenda makaburi ya zamani kando ya ziwa. Maji ya Tanganyika yalikuwa yamepanda sana mwaka ule. Yalianza na nyumba za watu, na sasa yaligeukia makaburi. Tangazo lilikuwa limesomwa makanisani na misikitini: mwenye mtu wake kule chini amtie alama kabla ya Jumamosi, apate kuhamishiwa mlimani. Asiye na alama ataachiwa ziwa.

Na mtu wa Domitille kule chini alikuwa mama yake mzazi.

Hakumjua. Alichopewa ni jina tu, Mapendo, na kwamba alifia Uvira akimzaa yeye, mwaka wa arobaini na tisa. Baba yake, Gaspard, mkulima wa mpunga, alimbeba mtoto hadi Bwegera akamwachia dada yake, na tangu siku ile ukoo mzima ulifunga mdomo. Mapendo alikuwa binti wa nani? Uliza usiulize, jibu lilikuwa kimya. Siku ya harusi ya Domitille kiti cha mjomba kilibaki kitupu mbele ya wageni wote, na mbuzi wa mjomba akalia kutwa pale alipofungwa, hana wa kumpokea. Bibi harusi aliapa moyoni kwamba hatakufa kabla hajajua. Sasa alikuwa na miaka sabini na mitano, na kiapo kilianza kumtisha.

"Koko, polepole," Noella alimwambia bibi yake, akihema nyuma.

"Polepole ni ya bale beko na wakati. Minye niko na siku mbili."

Mlinzi wa makaburi aliitwa Ezéchiel, mzee mfupi, mnene kidogo, aliyeirithi kazi ile kwa baba yake, marehemu Frédéric. Alikuwa amerithi pia daftari lake la kuandikia waliozikwa, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Frédéric hakuamini misalaba. Ya miti huliwa na mchwa, ya chuma huibiwa. Aliamini miguu yake, kwa hiyo kila alipozika mtu alihesabu hatua kutoka jiwe la mlangoni, akaziandika.

Ezéchiel alifunua kurasa moja moja, kwa adabu ya kumtesa mtu. Domitille alikuwa karibu kumnyang'anya.

"Mwaka ya makumi ine na kenda... Iko hapa! Mapendo, bibi ya Gaspard wa Bwegera. Kwenda ziwani, hatua makumi sita. Kuume, hatua kenda."

Domitille alipiga kigelegele pale pale, katikati ya wafu. Miaka sabini na mitano ya kuuliza, na kumbe jibu lilikuwa limelala ndani ya mfuko wa plastiki, mwendo wa nusu saa kutoka kitandani kwake!

Ezéchiel akatangulia akihesabu. Domitille akamfuata akihesabu kwa sauti kubwa kuliko yake, mpaka mzee akamwomba anyamaze asimpoteze. Sitini. Kisha tisa kuume. Chini ya majani kulikuwa na kaburi la saruji, limeota kuvu jeusi.

Domitille hakungoja. Alipiga magoti, akalia, akamweleza mama yake yote kwa pumzi moja: watoto saba, wajukuu kumi na tisa, mume aliyekuwa mwema ila mkorofi wa chakula, na jinsi alivyomtafuta. Noella naye alichota unga wa muhogo aliokuja nao kwenye mkoba, akaumwaga juu ya saruji na kuusugua kwa kiganja ili ujae kwenye herufi zilizochongwa. Siku nyingine angegombezwa kwa kuchezea chakula. Herufi zikatokeza nyeupe, moja baada ya nyingine.

CIZA, KARANI.

Domitille aliacha kulia ghafla. Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, amekasirika.

"Nimelilia mwanaume ya bantu," alisema. "Ata simujue."

"Baba yangu hakukoseaka," Ezéchiel alijitetea. "Minye nimehesabu muzuri."

Noella alikuwa akimtazama miguu. Mwalimu ni mwalimu, hata makaburini.

"Mzee, baba yako alikuwa murefu?"

"Murefu? Siku ya kumuzika tulichimba shimo ya metre mbili na nusu!"

Kisha mzee mwenyewe akaitazama miguu yake mifupi, na taya likamshuka.

Wakaondoka mbio kutafuta kaburi la kupimia. Msalaba wa katekista Apollinaire, wa saruji tupu, ulikuwa bado umesimama. Daftari lilisema hatua thelathini kutoka mlangoni. Ezéchiel alirudi kwenye jiwe akahesabu upya, na alipougusa msalaba alikuwa amefika arobaini.

"Mungu yangu," alisema, akashika kichwa. "Tangu siku ya kwanza ya hii juma nimeonesha familia ine makaburi!"

"Hizo utazirudia jioni," Domitille alimkata. "Sasa yangu. Noella, hesabu!"

Noella aliandika mchangani kwa kidole. Thelathini za baba ni arobaini za mwana. Basi sitini ni themanini, na tisa ni kumi na mbili. Wote watatu waliinua macho kuelekea ziwani, na furaha ikaingiwa na baridi, maana hata kwa jicho ilionekana: hatua ya sabini ilikuwa ukingoni mwa maji.

"Tungoje bantu ya pirogi batuletee mutumbwi," Ezéchiel alisema. "Mule muko viboko."

Lakini Domitille alikwisha kupandisha kitenge magotini. Hofu alikuwa nayo, tena kubwa, ila hamu ilikuwa kubwa zaidi. Noella alimshika mkono mmoja, Ezéchiel akatangulia na mti wa kupimia, wakaingia. Themanini. Kuume sasa: moja, mbili, tatu. Tope lilikuwa laini na maji yaliwafika magotini. Saa hizo za asubuhi ziwa lilikuwa tulivu, ila maji yalikuwa na tope, hakuna kilichoonekana chini. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Mti wa Ezéchiel uligonga kitu kigumu.

Domitille alipanda juu yake, akasogeza mguu wa kuume kutafuta ukingo. Akasimama. Akausogeza tena, taratibu, kama anayepapasa njia ya choo gizani. Kitu kilimchoma unyayo. Vitu vitano kwa mstari. Kisha kimoja. Kisha vitano.

"Koko, nini?" Noella aliuliza. "Umeumia?"

Bibi yake aliinama mpaka kidevu kikagusa maji, akaanza kusoma kwa vidole, na Noella akainama naye, wakitaja herufi kwa zamu. MAPENDO. BINTI. HAKIMU.

"Hakimu gani?" Noella alisema. "Koko, unamujua?"

"Mutu atie alama hapa!" Domitille alipaza sauti, na tayari alikuwa akielekea nchi kavu. "Mzee, simama hapo, usitoke! Usitoke hata kama kiboko inakuja!"

Walisema watu wa Songo kwamba hawakuwahi kumwona Mama Domitille akikimbia. Siku ile walimwona, kitenge cha Pasaka kinachuruzika tope, na mjukuu nyuma akipiga makelele. Mwamvua alikuwa mlangoni akianika ndagala.

"Nani alijenga hii kizingiti?" Domitille aliuliza kabla hata ya salamu.

"Babu yangu Hakimu, muashi. Hiyo njo ilikuwa alama yake. Nini, imekukula tena?"

"Alikuwa na binti?"

Mwamvua aliweka chini ungo wa samaki. "Alikuwa naye. Shangazi yangu Mapendo. Alitoroka na mukristu mumoja wa Bwegera, wazee bakakasirika pande zote. Alikufa na uzazi. Babu alimujengea kaburi, kisha akaenda Bwegera kutafuta mutoto. Bakamwambia mutoto naye alikufa. Baba alisema babu alilia mpaka mwisho wake."

"Mutoto hakukufa," Domitille alisema. "Mutoto anakunywa chai yako, sasa miaka makumi ine."

Mwamvua alimtazama toka kichwani hadi kwenye miguu ile peku iliyojaa tope, iliyosimama juu ya magamba. Kisha akamkumbatia kwa nguvu, ungo ukapinduka, ndagala wakatawanyika, na wote wawili walilia kwa kelele mpaka majirani wakadhani kuna msiba.

Mwamvua ndiye aliyetangulia kupata sauti.

"Kumbe baba yangu njo alikuwa mujomba yako."

"Njo yeye."

"Basi mbuzi yake ya harusi ilienda wapi?"

"Ukoo ya baba bakaila," Domitille alijibu, akicheka na kamasi zikimtoka.

Jumamosi Mapendo alipandishwa mlimani. Kiti cha upande wa mama kiliwekwa mbele, na Mwamvua akakikalia, amejitanda vizuri, amenyoosha shingo. Domitille alimjia mbele ya watu wote, safari hii amevaa viatu, akivuta mbuzi kwa kamba.